Kibao cha Nani, Fremu ya Nani: Mazungumzo Kuhusu Kuchagua Mahali pa Kuhifadhi Tovuti

Ndugu wenyeji wetu wa Karatu na Ngorongoro: wenye nyumba za wageni na kambi, waongoza watalii, wakulima wa kahawa wa Oldeani na wa vitunguu wa Mang'ola, walimu na viongozi wa vikundi. Tunawashukuru kwa kutupokea katika msimu huu wa masika, wakati magari ni machache katika lango la Lodoare na kila mwenye nyumba anapaka rangi vyumba vyake akingoja Juni. Tumeuchagua msimu huu kwa makusudi. Ndio msimu ambao watu hulipia pia tovuti zao, na kwa kuwa fedha ni kidogo na kazi ni nyingi, wengi hulipia bila kuuliza maswali.

Mgeni anayeshuka ukingo wa kreta mwezi Julai alifanya uamuzi wake mwezi Januari, akiwa nyumbani kwake Ujerumani au Marekani, mbele ya kioo cha simu. Hakuuona ukarimu wenu, wala hakuonja kahawa yenu. Aliona tovuti. Kama siku ile tovuti haikufunguka, hakupiga simu kuuliza kulikoni. Aliendelea na jina lililofuata katika orodha. Hasara ya namna hii haina kelele, na mwenye biashara huweza kukaa mwaka mzima bila kujua kwamba imempata.

Kabla ya kuendelea, tukubaliane juu ya maneno. Tovuti ina vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni jina la kikoa, yaani anwani ambayo mgeni anaiandika. Hilo ni kama kibao kilichosimamishwa kando ya barabara ya Makuyuni kuelekea Ngorongoro: kinasema jina lako na kinaelekeza njia. Cha pili ni huduma ya kuhifadhi tovuti, yaani nafasi katika kompyuta kubwa iitwayo seva, inayowaka usiku na mchana. Hiyo ni fremu ya duka. Unaipanga na kuilipia kodi kila mwaka. Cha tatu ni tovuti yenyewe: picha, maneno, bei, fomu ya kuagizia chumba. Hiyo ndiyo bidhaa iliyomo ndani ya fremu. Kibao, fremu na bidhaa vinaweza kutoka kwa mtu mmoja au kwa watu watatu tofauti, na migogoro mingi huanzia hapo, mteja asipojua alimlipa nani kwa ajili ya kitu gani.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana nyumba ya wageni yenye vyumba saba hapa mjini. Kijana wa jirani, mwenye ujuzi na mwenye heshima zake, anamtengenezea tovuti. Mama analipa fedha yote kwa simu, mara moja, na tovuti inapendeza. Kila mwaka kijana anapita, anasema, "Shikamoo mama, ile ada imefika," mama anatoa, na maisha yanaendelea. Mwaka wa nne kijana anapata ajira Dodoma. Mwezi Mei ada inafika, hakuna anayepita. Katikati ya Juni mgeni aliyekwisha kulala pale mara mbili anatuma ujumbe kwa simu kwamba barua pepe zake zinarudi. Mama anampigia kijana.

"Mwanangu, tovuti yangu iko wapi?"

"Mama, samahani sana. Ile kompyuta yangu iliibiwa, na nywila zote zilikuwa humo. Barua za kukumbusha zilikuwa zinakuja kwenye anwani yangu ya zamani, siifungui tena."

Katika mfano huu hakuna mwizi wala tapeli. Kijana hakukusudia ubaya. Lakini alipoandikisha kikoa alijaza jina lake mwenyewe, anwani yake ya barua pepe na namba yake ya simu, kwa sababu fomu ilikuwa mbele yake na mama hakuwapo. Katika kumbukumbu za msajili, kwa hiyo, kibao ni cha kijana. Mama anayo miaka minne ya risiti za simu zinazoonyesha kwamba alimtumia kijana fedha, lakini hana karatasi hata moja inayoonyesha kwamba jina ni lake. Msajili akiombwa amkabidhi mama akaunti, atakataa, na atakuwa amefanya sawa, maana angekuwa anampa mgeni mali ya mteja wake.

Ndiyo maana, mkituuliza mtoa huduma bora ni yupi, tunaanza na swali lingine: nani ameandikwa kuwa mwenye kikoa? Mtoa huduma mwenye seva nzuri kuliko zote hawezi kumsaidia mtu ambaye jina si lake. Hakikisheni kikoa kimeandikishwa kwa jina lenu au la kampuni kama lilivyo kwenye usajili wa biashara, kwa barua pepe mnayoifungua wenyewe na kwa namba ya simu iliyosajiliwa kwa kitambulisho chenu. Mtaalamu wa tehama apewe ruhusa ya kufanya kazi, kama vile fundi anavyopewa ufunguo wa duka kwa siku chache; hati ya duka haandikiwi fundi.

Hapa kuna mtego mdogo ambao hata wajuzi huwanasa. Watu wengi, wakishapata kikoa kipya, huona fahari kutumia anwani ya barua pepe yenye jina la kikoa hichohicho katika akaunti ya msajili. Siku kikoa kikiisha muda, barua pepe hiyo nayo hukatika, na vikumbusho vya kulipa vinatumwa kwenye sanduku lisilofunguka. Ni sawa na kuufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba. Katika akaunti ya msajili tumieni anwani isiyotegemea kikoa chenu, na ikiwezekana wawili katika familia au ofisi waijue.

Je, kikoa kilichoisha muda kimepotea? Si mara moja. Kwa majina yanayoishia na .com, baada ya tarehe ya mwisho wasajili wengi humpa mteja muda wa kulipa kwa bei ya kawaida, ingawa urefu wake hutofautiana. Msajili akishalifuta jina, kunafuata siku 30 ambazo mwenye jina bado anaweza kulikomboa, kwa gharama iliyo kubwa kuliko ada ya kawaida. Zikipita hizo, jina hukaa siku 5 likisubiri kuondolewa kabisa, kisha yeyote duniani anaweza kulichukua. Wako wanaofanya biashara ya kuvizia majina ya namna hiyo, hasa yaliyokwisha kujulikana kwa wasafiri. Mama wa mfano wetu, akimpata kijana mapema na kijana akakumbuka msajili ni nani, bado anayo nafasi. Akingoja mpaka Septemba, huenda akakuta jina la nyumba yake linatangaza michezo ya kubahatisha.

Kwa majina yanayoishia na .tz mambo yako karibu zaidi na nyumbani. Kituo cha tzNIC kilianzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa Mamlaka ya Mawasiliano na umoja wa watoa huduma za intaneti nchini, TISPA, na baadaye usimamizi wa rajisi hiyo ukahamia kwenye Mamlaka. Jina la .tz huandikishwa kupitia wasajili walioidhinishwa, ambao orodha yao iko wazi kwa umma. Wengi mnaifahamu co.tz kwa kampuni na or.tz kwa asasi. Wachache wanajua kwamba ipo pia hotel.tz, ambayo kwa mji wenye nyumba za wageni nyingi kama Karatu ingestahili kuonekana zaidi kwenye vibao vya barabarani. Hatusemi kwamba .com ni kosa. Mgeni wa mbali ameizoea. Tunachosema ni kwamba mgogoro juu ya jina la .tz una mahali pa kusikilizwa ndani ya nchi, kwa Kiswahili, na nauli ya kufika huko mnaimudu.

Sasa tuingie kwenye fremu yenyewe.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama seva iwe Tanzania au ng'ambo. Wapo wanaolijibu kwa uzalendo, wapo wanaolijibu kwa kudhani cha nje ni bora. Sisi tunaomba lijibiwe kwa kumtazama msomaji. Mei 12, 2024, siku ya Jumapili, mikongo miwili ya mawasiliano ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota sana nchini na kwa majirani zetu. Wengi wenu mnaikumbuka wiki ile. Fikirieni hali ya tovuti ya kambi iliyohifadhiwa Ulaya katika siku hizo: mgeni wa Berlin aliweza kuifungua bila shida, ila mwenye kambi aliyekuwa Rhotia ndiye aliyehangaika kusoma maombi yake. Tovuti ya chama cha akiba na mikopo iliyohifadhiwa Dar es Salaam ilikuwa katika hali ya kinyume: wanachama wake wa Karatu walikuwa na njia ya kuifikia, kwa sababu nchi inavyo vituo vya kubadilishana mawasiliano ya intaneti, Dar es Salaam na hapo Arusha, ambavyo huwezesha mawasiliano ya ndani yasizunguke nje ya mipaka, msomaji wa ng'ambo ndiye angepata taabu.

Kwa hiyo shule, zahanati, chama cha msingi na duka la pembejeo, ambavyo wasomaji wake wako hapa, vina kila sababu ya kuhifadhi tovuti zao nchini. Kambi inayotegemea wageni wa ng'ambo inaweza kuhifadhi nje bila kuona haya, mradi mwenyewe abaki na njia nyingine ya kupokea maombi, hata kama ni namba ya simu iliyoandikwa kwa herufi kubwa katika ukurasa wa kwanza.

Kitu cha pili ni ahadi ya upatikanaji. Karibu kila mtoa huduma huandika asilimia 99 na kitu, na namba hiyo huonekana kubwa kiasi kwamba mtu haoni haja ya kuuliza. Tufanye hesabu pamoja. Mwaka una saa 8,760. Asilimia 99.9 ina maana kwamba tovuti inaweza kuzimika kwa karibu saa 8 na dakika 45 katika mwaka mzima, na ahadi bado ikawa imetimizwa. Asilimia 99 ina maana ya saa 87 na nusu, yaani zaidi ya siku tatu na nusu. Ile nukta tisa iliyoachwa nje ni tofauti kati ya jioni moja na safari nzima ya mgeni kutoka Tarangire hadi Serengeti.

Tena someni ahadi hiyo inalipwa kwa nini. Kwa kawaida mtoa huduma haahidi kukulipa wageni uliowapoteza. Anaahidi kukurudishia sehemu ya ada. Tuseme ada ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Siku moja ya ada hiyo ni kama shilingi 329. Hiyo ndiyo fidia ya siku nzima ya kuzimika, na haitoshi hata chai ya mgeni. Tunalisema hili ili msiitegemee fidia kama bima. Kinachotafutwa ni mtoa huduma asiyezimika, na dalili yake ni rekodi: je, anatangaza hadharani hitilafu zake zilizopita, sababu zake na muda uliotumika kuzirekebisha? Anayesema hajawahi kupata hitilafu hata siku moja tunamwogopa kuliko anayetuonyesha orodha ya hitilafu zake.

Nakala rudufu ni jambo ambalo tungependa mtu akisahau mengine yote, hili alikumbuke. Usiku wa kuamkia Machi 10, 2021, moto ulizuka katika vituo vya data vya kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Hii ni kampuni kubwa, miongoni mwa kubwa kabisa za kazi hiyo barani Ulaya. Jengo moja, lililoitwa SBG2, liliteketea lote na jingine likaharibika kwa sehemu. Hakuna aliyeumia, lakini tovuti nyingi mno zilizimika kwa pamoja. Wateja waliokuwa na nakala mahali pengine walirudi hewani ndani ya siku chache. Wako wengine waliokuwa wamelipia nakala rudufu, ila nakala zenyewe zilihifadhiwa katika eneo lilelile la moto. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru baadhi yao walipwe fidia, na moja ya hoja ilikuwa kwamba mkataba uliahidi nakala zitengwe kimahali na mfumo mkuu.

Tumewaletea kisa cha mbali kwa sababu kinaondoa dhana mbili: kwamba kampuni kubwa haiungui, na kwamba neno "nakala rudufu" likiandikwa kwenye tangazo, kazi imekwisha. Muulizeni mtoa huduma maswali haya kwa maneno yenu wenyewe. Nakala inachukuliwa kila siku au kila wiki? Inawekwa katika jengo lipi, na je, ni jengo lilelile la seva? Inatunzwa siku ngapi kabla ya kufutwa? Nikitaka kuirudisha ninaweza kufanya mwenyewe, au nitatozwa? Hili la kutozwa huwashangaza wengi, maana kuchukua nakala huwa bure na kuirudisha huwa na bei. Na hata majibu yakiwa mazuri, kila mwezi pakueni nakala yenu, muiweke kwenye diski ya nje ndani ya kabati. Nusu saa inatosha. Mtu anayehifadhi mbegu ya msimu ujao hahitaji kuelezwa zaidi.

Kuhusu ukubwa wa nafasi hatutakaa sana. Matangazo husema nafasi "bila kikomo". Hakuna diski isiyo na kikomo, kama vile hakuna banda lisilo na ukuta. Ukisoma masharti utakuta kifungu cha "matumizi ya haki" kinachomruhusu mtoa huduma kukusimamisha ukizidi kiasi anachokijua yeye. Na kwa kweli hamhitaji nafasi hiyo. Picha moja iliyotoka kwenye simu janja inaweza kufika megabaiti 4 au 5, na ukurasa wenye picha kumi za aina hiyo unamlazimisha mgeni kupakua megabaiti 40 na zaidi, jambo ambalo hata mwenye mtandao mzuri halivumilii. Picha hizohizo zikipunguzwa kufikia kilobaiti 300, thelathini kati yake hazifiki megabaiti 10. Tovuti nzima ya nyumba ya wageni hutosha ndani ya gigabaiti moja na ikabaki nafasi.

Cheti cha usalama, kile kinacholinda taarifa anazojaza mgeni, ni cha lazima. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huiandika tovuti isiyo nacho kuwa si salama, mbele ya macho ya mgeni. Vyeti vya msingi hutolewa bure na watoa vyeti kama Let's Encrypt, kwa hiyo mtoa huduma anayetoza ada nene kwa cheti cha kawaida aulizwe sababu. Huenda anayo, huenda hana.

Msaada kwa wateja haupimwi kwa tangazo, hupimwa kwa jaribio. Kabla ya kulipa, tumeni swali Jumamosi saa mbili usiku. Liwe swali la kweli, kwa mfano: nikitaka kuhama kwenu mwaka ujao, mnanikabidhi nini na kwa muda gani? Kisha hesabuni saa. Anayechelewa kumjibu mtu ambaye bado ana fedha mkononi hatamkimbilia yule aliyekwisha kulipa. Na swali lenyewe la kuhama lina uzito wake, kwa sababu mtoa huduma mwaminifu hujibu bila kununa: atakupa mafaili yote, hifadhidata, na ule msimbo wa idhini unaotumika kuhamisha kikoa kwenda kwa msajili mwingine. Akianza kuzungukazunguka, mmeshapata jibu.

Tuseme neno kuhusu barua pepe, kwa kuwa kwenu ninyi ndimo fedha zinamopita. Katika vifurushi vya bei nafuu seva moja hubeba tovuti mamia za watu wasiojuana. Mmoja wao akituma barua taka, anwani ya seva nzima huingia kwenye orodha ya wabaya, na makadirio ya bei uliyomtumia mgeni kwa uangalifu yanaishia kwenye folda asiyoifungua. Muulizeni mtoa huduma kama ataweka rekodi za uthibitisho wa barua pepe za kikoa chenu, zile ziitwazo SPF na DKIM. Kama hajui ni nini, msimlipe. Ombeni pia akaunti iwe na uthibitisho wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na namba inayotumwa au kuzalishwa kwenye simu. Matapeli wa utalii hawahitaji kuvunja benki. Huingia kwenye barua pepe ya kampuni, wakakaa kimya wakisoma, na siku ankara inapotumwa kwa mgeni hubadilisha namba ya akaunti tu. Mgeni hulipa, hufika langoni akiwa na risiti, na kampuni haijaona senti. Kesi ya namna hiyo ni ya polisi, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, lakini fedha iliyokwisha kutolewa ng'ambo ni vigumu kuifuata.

Humohumo kwenye barua pepe mnapokea pia nakala za pasipoti za wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawahusu. Taarifa hizo si zenu, mmekabidhiwa, na sheria ina masharti juu ya kuzisafirisha nje ya nchi. Kabla ya kuweka fomu ya pasipoti kwenye tovuti, jueni seva iko nchi gani, na ulizeni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mnatakiwa kujisajili vipi. Kwa maoni yetu, nyumba ndogo ya wageni haina haja ya fomu hiyo kabisa. Pasipoti inaweza kuonyeshwa mapokezi.

Bei tumeiacha makusudi hadi sasa, kwa sababu ikitangulia hufunika mengine. Bei ya mwaka wa kwanza mara nyingi ni chambo. Tafuteni bei ya kuhuisha, ambayo huandikwa kwa herufi ndogo na huweza kuwa maradufu au zaidi. Kikoa cha "bure" nacho kina maswali yake: je, ukihama kabla ya mwaka kwisha utakitoza nini, na kimeandikwa kwa jina la nani? Tunarudi palepale. Kwa watoa huduma walioko nchini, kumbukeni kwamba tangu Machi 2025 zipo kanuni zinazozuia kutangaza na kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa kwa yale yaliyotajwa humo. Dai bei kwa shilingi, na dai risiti ya kielektroniki. Risiti ile ndiyo ushahidi wenu wa kwanza siku mambo yakiharibika. Ujumbe wa kutuma fedha kwa simu unaonyesha tu kwamba mtu fulani alipewa fedha. Hausemi ni kwa ajili ya nini.

Yakiharibika, hatua ya kwanza ni kuandika lalamiko kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, na kutunza nakala yenye tarehe. Msipige simu tu; simu haina kumbukumbu inayoweza kuonyeshwa. Asiposhughulikia, leteni lalamiko hilo kwenye Mamlaka. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha, hamna haja ya kwenda Dar es Salaam. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuwasemea watumiaji. Lakini tuwe wakweli: mtoa huduma aliyeko ng'ambo, mliyemlipa kwa kadi na kukubali masharti yake bila kuyasoma, yuko chini ya sheria za kwao. Tunaweza kuwashauri, kumwita mezani ni jambo lingine. Unafuu wa bei yake una gharama hiyo ndani yake, na kila mmoja aipime kwa biashara yake.

Tumebakiwa na saa moja na nusu, na mezani kule nyuma wenzetu wameweka kompyuta tatu. Tungependa tuitumie kwa kazi. Mwenye kikoa cha .tz aje tuangalie katika rajisi kimeandikwa kwa jina la nani na kinaisha lini. Mwenye .com atuletee jina la msajili wake. Huko, tangu mwaka 2018, majina ya wenye vikoa mara nyingi hufichwa kwa sababu ya sheria ya faragha ya Ulaya, kwa hiyo njia ya uhakika ni kuingia kwenye akaunti yenyewe. Asiyejua nywila yake na ampigie sasa hivi kijana aliyemtengenezea tovuti, wakati kijana huyo bado anapatikana. Wenye magari ya kuwahi watangulie.